Choo cha Mkwe

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti niseme neno, nikasema, "Asanteni, kuleni, wali unapoa," nikaketi. Baadaye wawili wenu mkanifuata hadi nyumbani kunilalamikia kwamba nimeondoka na kazi yote kichwani. Haya. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Mandewa, kuku wananidonoa vidole vya miguu, naandika. Msitegemee habari za vyeo. Vyeo vilikuja vilipojisikia, na mshahara wetu mnaujua. Nitawaandikia habari za vyoo, maana nimechungulia vingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kuna kimoja ambacho nusura kinikoseshe usingizi na kazi kwa pamoja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mtinko. Nilishuka kwenye basi na sanduku la bati na viatu vyenye kisigino, kwa kuwa chuoni tuliambiwa afisa lazima awe nadhifu. Bwana Afya wa pale, mzee Ntandu, alivitazama viatu vile. Kesho yake asubuhi akaja mlangoni kwangu na raba za mkewe mkononi. "Zina tundu moja tu," akasema. "Utalizoea." Nikavaa raba za mke wa mtu, tukaanza kazi.

Ntandu alikuwa mfupi, mpenda karanga, na mwoga wa mbwa kupita kiasi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuingia nyua za watu kila siku, hiyo ni shida kubwa. Alikuwa anapiga hodi akiwa barabarani, kwa sauti ya mnadani, na hasogei mpaka mwenye nyumba atoke na kumshika mbwa wake. Mimi nilidhani ni busara, kwa sababu mwenyewe aliieleza hivyo. "Sheria inaturuhusu kuingia kwa mtu mchana tukakague," alikuwa akiniambia. "Lakini hodi haijafutwa." Ilipita miezi ndipo nikajua kwamba busara ile chanzo chake ni meno ya mbwa. Haidhuru. Niliichukua hivyo hivyo, na imenifikisha kustaafu bila kung'atwa na mbwa wala mtu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: baiskeli, fimbo ndefu ya kupimia shimo, kopo la chokaa na kioo cha kunyolea ndevu. Ninyi mna tochi za simu, kwa hiyo kioo mnakicheka. Simama mlangoni mwa choo, geuza kioo kwenye jua, rusha mwanga shimoni. Utaona mpaka chini na hujagusa kitu. Choo kinachotumika kina inzi, kina njia iliyokanyagwa. Choo kilichojengwa kwa ajili ya Bwana Afya kina sakafu safi kuliko sebule na utando wa buibui mlangoni. Vya namna hiyo nimeviona vingi mno. Kimoja nilikikuta kimejazwa magunia ya alizeti, na mwenye nyumba akaniambia bila aibu kwamba ndicho chumba pekee kisichoingia panya.

Nguvu ya sheria niliionja mapema, na niseme wazi kwamba naipenda. Siku moja ya mnada tuliletewa habari kwamba kuna ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi inamtoka puani, na mwenyewe anatafuta kisu. Sote tulijua ni kimeta. Tulimkuta mwenye ng'ombe amesimama juu ya mzoga kama askari. "Ng'ombe wangu, mali yangu," akasema. Ntandu akamjibu, "Ng'ombe ni wako. Tumbo la atakayenunua si lako." Tuliita mgambo, tukachimba shimo refu, tukamfukia yule ng'ombe mzima mzima na chokaa juu, na mke wa yule bwana analia pembeni kwa sababu ng'ombe alikuwa ndiye ada ya mtoto. Roho iliniuma sana. Na litokee tena kesho, nitafukia tena.

Kuna na siku ya pili, nayo muiweke pembeni ya ile ya kwanza. Mwenyekiti mmoja wa kijiji alitaka kijana aliyeanza dawa za kifua kikuu atajwe mkutanoni, ili watu "wajihadhari naye". Nikamwambia jina la mgonjwa si tangazo la mnada. Alinuna, akasema mimi mgeni sijui mambo ya pale. Tuliongea na watu wa nyumba ya yule kijana tu, tukawapima, basi. Kijana alimaliza dawa zake zote akapona, na sidhani kama angemaliza hata nusu kama watoto wangekuwa wanamkimbia njiani. Kwa hiyo msije mkaniuliza kama mimi ni mtu wa mabavu au mtu wa huruma. Inategemea nimekuta nini.

Sasa choo chenyewe. Wakati huo nilikuwa nimeshahamishiwa upande wa Nduguti, ofisi zikiwa bado zinanuka rangi. Kipindupindu kikaingia katika vijiji vitatu vinne vilivyo kando ya korongo moja. Kijiji nitakachokisimulia sitakitaja, watu wake wapo na wanasoma. Korongo lile mwaka mzima ni mchanga mtupu, ila ukifukua mchanga unapata maji, na hayo ndiyo wanayokunywa. Mvua ikinyesha juu, kila kilichoachwa vichakani kinateremka kwenye vile visima vya mchanga. Ndipo ugonjwa ulipokuwa unatoka.

Mkuu wangu wa kazi, nitamwita Daktari tu, alitoa amri. Kila mtu mzima anayejisaidia nje ya choo apelekwe mahakamani siku hiyo hiyo, bila mjadala. Hakuwa mtu mbaya. Kambini kulikuwa na watoto wamelala kwenye vitanda vya kipindupindu, vyenye tundu katikati, macho yamezama, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatundikia maji usiku na mchana. Mtu aliyetoka kwenye hali hiyo hana muda wa kubembeleza. Mimi nikapewa kijiji changu na mgambo mmoja, Saidi, kijana mwenye rungu jipya na hamu ya kulitumia.

Nyumba ya Mzee Msengi ilikuwa ya kwanza upande wa korongo. Mgane, mrefu, mkavu. Mwanawe yuko migodini, kwa hiyo pale nyumbani alikaa na mke wa mwanawe, Mama Naomi, na wajukuu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Karibuni. Hilo rungu liacheni nje, kuna watoto."

Saidi akaliegemeza ukutani kwa shingo upande. Nikazunguka na kioo changu hadi chooni. Choo kizuri! Matofali, bati, mfuniko, majivu kwenye kopo, kibuyu chirizi cha kunawia nje. Nikampongeza.

"Nimekichimba mwenyewe," akasema. "Chini hapo ni mwamba mtupu. Tulikuwa tunauwashia moto, tunaumwagia maji, mpaka ukapasuka. Kimekula kiangazi kizima."

"Na wewe mwenyewe unakitumia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya watu. "Mama, hicho ni cha mke wa mwanangu na watoto. Mimi nitaingiaje?"

"Sasa unakwenda wapi?"

Akaonyesha korongo kwa kidevu. Hakudanganya. Katika kazi yetu ukweli wa namna hiyo ni adimu, na siku hiyo ningependa angedanganya.

Wale mliokulia mjini mniazime sikio. Sehemu nyingi za mkoa wetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja, na mama mkwe na mume wa binti yake vivyo hivyo. Zipo nyumba zisizojali kabisa siku hizi, na zipo zinazojali kuliko unavyofikiri. Si uchafu wala ujinga. Ni heshima. Vyao havichanganyiki shimoni, kama wao wenyewe wasivyokaa kitanda kimoja. Chuoni hatukufundishwa hilo. Tulifundishwa kwamba nyumba moja ni choo kimoja, na mimi ndivyo nilivyokuwa nimewaambia watu kwa miaka.

"Nachimba kwa jembe, nafukia," Mzee Msengi akajitetea.

"Mvua inafukua, mzee. Na wanaokunywa ni wajukuu zako."

Nadhani lilimwingia. Kisha akaenda ndani akatoka amevaa koti. "Basi nipelekeni," akasema. "Mahabusu kuna choo cha serikali. Serikali si mkwe wangu."

Saidi akalichukua rungu lake. Nikamwambia asubiri, nikaenda nyuma ya jiko alikokuwa Mama Naomi. Mbele ya mzee hakuwa amesema zaidi ya shikamoo. Aliponisalimia alipiga goti, akatazama chini, akaondoka. Huku nyuma alikuwa mwingine kabisa.

"Bibi Afya, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Baba mkwe wako mnakaa naye?"

"Sikumkuta. Alishafariki."

"Basi hujui." Aliweka chini sufuria alilokuwa akilisugua. "Huyu mzee, tangu nimekuja hapa, hajawahi kupita mlangoni kwangu bila kuita mtoto kwanza ili nijue anakuja. Akisikia niko bafuni anazungukia zizini. Sasa leo mumsukume na rungu aingie ninapoingia mimi, halafu jioni nimpelekee ugali. Nitamtazama wapi?"

"Na wakimpeleka mahakamani?"

"Watu watasema nimemfunga baba wa mume wangu kwa ajili ya choo. Mkifanya moja kati ya hayo, mimi narudi kwetu na watoto. Si kwa hasira, Bibi Afya. Kwa aibu."

Nikabaki na kioo changu mkononi. Nikimwacha mzee, maji yanachafuka na mtoto wa mtu anakufa. Nikimlazimisha, nyumba ile inavunjika mchana kweupe na mimi ndiye niliyeivunja, kwa sheria safi kabisa. Kuchimba choo cha pili kwenye mwamba ule kungechukua kiangazi kingine, na kipindupindu hakingoji kiangazi. Niliogopa. Nawaambieni ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa na miaka mingi kazini na bado asijue afanye nini.

Wakati huo majirani walishajaa uani, kwa sababu habari ya mzee kukamatwa kwa choo haimkuti mtu akaendelea kupalilia. Aliyewatangulia ni Bi Ester, kikongwe wa nyumba ya pili, ng'ambo ya shamba la uwele, anayekaa na binti yake na mume wa binti yake. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Msengi ni watani. Mnajua watani walivyo: adabu wanaiacha nyumbani. Maneno yao nayaandika kama yalivyosemwa, msinilaumu.

"Nimeishi mpaka nimeyaona!" Bi Ester akapaza sauti. "Msengi anafungwa kwa kunya!"

"Na wewe waeleze unakwenda wapi kila alfajiri, kizee," Mzee Msengi akamjibu. "Korongo ni moja, tunaonana."

Watu wakacheka. Nikamgeukia bibi. "Ni kweli, shangazi?"

"Sasa ulitaka niende wapi? Choo cha kwetu ni cha mkwe wangu. Nikivua nguo mle si nimemvulia yeye?"

Saidi akaona kazi imeongezeka. "Na wewe bibi twende. Wote wawili."

"Nifungwe na huyu? Tulale mahabusu moja?" Bi Ester akashika kiuno. "Afadhali nikanye kwake!"

Uani pote palilipuka kwa kicheko. Hata Mama Naomi nilimsikia nyuma ya jiko. Mimi pia nilicheka, kisha kicheko kikanikatikia katikati.

"Shangazi," nikasema, "hebu rudia."

"Nirudie nini? Natania."

"Choo cha nyumba hii, wewe kinakukataza nini? Mama Naomi ni mkwe wako?"

"Huyu? Huyu ni mke wa mtoto wa mtani. Hata kuku wake nikitaka nachukua."

"Na wewe mzee, choo cha kwa Bi Ester kina mkwe wako?"

Mzee Msengi alifikiri. Watu waliacha kucheka, na wazee wawili watatu wakaanza kusemezana kwa Kinyiramba, kwa haraka, nikawa sipati yote. Wengine walitikisa kichwa. Mmoja akasema haijawahi kutokea. Mwingine akamjibu kwamba hata bati halikuwahi kutokea, na mbona wamelala chini yake. Mwishowe Mzee Msengi akasema, "Mtani si mkwe. Ila huyu atanitangaza kijiji kizima."

"Nitakutangaza," Bi Ester akakubali.

Nikaenda tena nyuma ya jiko kumuuliza Mama Naomi, maana choo ni chake na yeye alikuwa na haki ya kukataa. Akasema, "Bibi aje. Nitamwekea majivu na maji ya kunawa." Mkwe wa Bi Ester naye alikubali mzee aende kwao, akiwa nyuma ya ukuta, bila kumtazama mama mkwe wake, kama inavyotakiwa. Kisha nikawaambia wazee wale wawili mbele ya watu wote, kwa sauti ya mnadani: "Sheria iko pale pale. Nikiona alama ya mguu wa yeyote kati yenu kule vichakani, nitawapeleka mahakamani na shahidi nitakuwa mimi." Wakasema sawa. Mzee Msengi akavua koti.

Njiani Saidi alikuwa amenuna. "Bibi Afya, amri ilisema tuwalete."

"Amri imetolewa ili maji yapone," nikamwambia. Lakini moyoni nilijua Daktari hataipokea hivyo, na hakuipokea.

"Nimekutuma kukamata watu," akaniambia jioni ile pale kambini, "umekwenda kuposana nao!" Alikuwa amechoka, mikono inanuka dawa. Nikamweleza. Akanijibu kwamba nyumba moja ni choo kimoja, na mila haiui kipindupindu. "Akiingia hapa mgonjwa hata mmoja kutoka kwenye visima vile," akasema, "wewe ndiye utakayemweleza mama yake." Nyuma yake kulikuwa na mtoto wa kike amelala, midomo imekauka, nyanya yake anamnywesha kijiko kwa kijiko. Kama nimekosea, atakayelipa si mimi, ni mtoto kama yule. Usiku huo niliomba Mungu kwa bidii kuliko nilivyowahi kuomba kanisani.

Kila asubuhi nikawa natangulia korongoni kutazama mchanga na vichaka. Hakukuwa na kitu. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati, lakini siku zilizofuata hali ikawa ile ile. Wakati huo huo katika kijiji cha pili, ambako wazee watatu walipelekwa mahakamani kweli, milango ilianza kufungwa. Ukipiga hodi unajibiwa na mtoto kwamba watu wote wako shamba. Wenzangu walimkuta mama mmoja amefichwa nyuma ya magunia, amelegea kabisa, kwa sababu ndugu waliogopa kwamba wakimtoa wataulizwa habari za choo. Alipona, kwa rehema tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema uchi huo tuufunue kwa rungu.

Asubuhi moja nikiwa korongoni nikasikia gari. Ni Daktari, amekuja kuona mwenyewe. Hakunisalimia vizuri. Tukapanda kwa miguu hadi kwenye kinjia cha kukatiza shamba la uwele, na pale katikati tukawakuta wazee wangu wawili wanapishana, kila mmoja na kopo lake la maji.

"Umechelewa, Msengi," Bi Ester alikuwa anasema. "Uzee umekufika mpaka huko?"

"Choo chako kina upepo mbaya."

"Ni wako wa jana!"

Daktari akawasalimia shikamoo, wakaitikia. Akauliza kwa upole ulio mkavu kama ni kweli mtu anaacha choo chake na kutembea hadi cha mwingine kwa ajili ya mila tu.

Bi Ester akamtazama juu mpaka chini. "Wewe mwanangu una mke?"

"Ninaye."

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Yuko Ikungi."

"Akija kwako anakaa siku ngapi?"

Daktari akageuka, akaelekea kwenye gari. Baadaye, tukiwa garini, alinisimulia mwenyewe, bila mimi kumuuliza. Alikuwa amejenga nyumba nzuri, choo ndani, vigae vyeupe. Mama mkwe wake alikuwa akija asubuhi na zawadi za kuku na asali, na saa kumi anaaga, mvua ikinyesha anaaga. Akibembelezwa sana alale, analala kwa jirani. Kwa miaka Daktari aliamini kwamba mama yule hampendi. "Nilimnunulia mpaka kitanda," akasema. Akaendesha hadi kambini. Tuliposhuka akasema, "Kijiji cha pili nako waulize ni nani watani wa nani." Hiyo ndiyo iliyokuwa amri mpya, nami sikumwomba anyooshe maneno zaidi.

Tuliuliza. Penye watani tuliunganisha watani, pasipo na watani tuliunganisha marafiki, na pasipo na mwamba tulichimba choo cha wazee. Waliokataa yote walipelekwa mbele ya sheria, na wawili walikuwepo; si kila mkaidi ana mila, wengine wana ukaidi tu. Mvua zilinyesha. Visima vile havikuleta mgonjwa mwingine kambini. Sitawaambia kwamba ni kwa ajili ya vyoo peke yake, tulitia na dawa ya maji na tulihubiri mpaka sauti zikakauka. Nililala, hilo ndilo ninaloweza kuwaapia. Na Daktari alikuja kujenga choo kidogo cha nje nyuma ya nyumba yake ya vigae. Mama mkwe alilala wiki nzima.

Kwa hiyo mkiwa na amri mkononi na mtu amesimama mbele yenu anasema hapana, msikimbilie kuuliza kama ana haki ya kukataa. Mara nyingi hana, kama yule bwana wa ng'ombe. Muulizeni anakataa nini hasa. Mzee Msengi hakukataa choo hata siku moja. Alikataa kumvunjia heshima mke wa mwanawe, na sisi tulikuwa tunayaita yote mawili kwa jina moja.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu nilipita kule kuaga. Shamba la uwele lilikuwa limevunwa, na kinjia cha kukatiza kilionekana wazi, ila kilikuwa kimeanza kuota nyasi, kama njia ya mtu mmoja. Nikapata hofu. Nikapiga hodi kutoka mbali. Mama Naomi akatoka, mvi zimeanza kumtokea, akanikumbatia.

"Mzee yupo," akasema, kabla sijauliza. "Miguu ndiyo imekwisha. Kwa Bi Ester hafiki tena."

"Sasa inakuwaje?"

"Aliwaita wazee wa ukoo. Mume wangu akaja, na baba yangu mzazi akaja. Akanipa mbuzi mbele yao, akasema kuanzia leo mimi si mkwe, mimi ni binti aliyemzaa. Wakatuombea, tukala. Basi." Akacheka kidogo. "Hakuna aliyemwambia, Bibi Afya. Aliamua mwenyewe."

Sauti ya mzee ikaita kutoka ndani. Mama Naomi akaingia, akatoka naye amemshika chini ya kwapa, hatua ndogo ndogo, mzee mkavu yule yule na macho yale yale. Aliniona, akaitikia shikamoo yangu bila kusimama, kwa kuwa alikuwa na haraka. Mama Naomi akamwingiza katika choo kile alichokipasulia mwamba mwenyewe, choo ambacho miaka yote hakuwahi kukanyaga sakafu yake. Akamrudishia mlango. Kisha akasimama nje, ameupa mlango mgongo, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti, ili mzee ajue kwamba hakuna anayemsikia.

Mimi nilitazama pembeni, macho yakaniwasha. Mara wimbo ukakatizwa na kelele kutoka ndani.

"Bibi Afya! Yule mgambo wako yuko wapi? Mwite aje aone, nimeingia!"

Mama Naomi, ambaye miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimjibu mzee yule neno, aligeukia mlango.

"Baba," akasema, "acha kelele. Maliza kwanza."